Kitambaa cha Tano

Musoma, usiku wa kuamkia safari

Mwanangu Mwajuma, mama yangu,

Ukiikuta barua hii ndani ya mfuko wa gauni la bluu, ujue ni mimi niliyeishona humo. Nimeipiga bandi tu, uzi mmoja, ukiuvuta unatoka. Kama umekushinda kuufumua, basi rudi nyumbani, maana yote niliyokufundisha kibarazani yamekwenda na maji.

Mambo ya sabuni, ya kutembea na wenzio, ya kutokula vitu vya njiani kule Mwanza mkisubiri treni ya Tabora, mama yako ameyasema, ameyarudia, na kesho atayasema tena mpaka honi ya meli imkatize. Mimi sina la kuongeza hapo. Na katika hesabu ndiyo kabisa sina ushauri, wewe mwenyewe wajua mimi nikijumlisha tu watu hukaa chini kungoja.

Nataka nikusimulie ubishi wangu na Baba Magesa wa Bunda. Umeishi ndani ya ubishi huo tangu hujazaliwa, na vipande vyake unavijua, lakini sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukukalisha akakueleza vizuri ulikotoka. Tena umekwisha juzi, sokoni Bunda, na wewe hukuwapo kuona.

Ulianza kwa suruali. Mambo yangu mengi yalianzaga kwa suruali. Hata huyo Magesa tulijuana hivyo: nilimshonea suruali ya harusi, mguu mmoja ukatoka mfupi, nikamwambia kosa ni la mguu wake. Alicheka mbele ya wazee wa mkewe mpaka wakamdhania amelewa, na tangu siku hiyo tukawa watani. Mtani ukishampata hukasiriki tena, hata akikuita gunia.

Basi, mama yako alikuwa na mimba yako, tumbo liko mbele kama ngoma, vita vya Wazungu vimekwisha juzijuzi tu. Alikuwapo hapa mpima ardhi mmoja kutoka Nyasa, Bwana Phiri, mtu wa shule sana, mwembamba kama rula yake. Serikali ilimleta achore ramani ya nchi za watemi. Siku moja akiruka mfereji kule Makoko suruali yake ikapasuka makalioni, nayo ndiyo pekee aliyokuwa nayo ya kazini. Akaja kwangu mbio amejiziba kwa ramani. Nikamfunga kaniki kiunoni, nikamkalisha barazani, nikaanza kushona. Hapo ndipo Magesa akatokea, kaja mjini kununua jembe.

"Hee!" akapaza sauti, nawe sauti yake unaijua, haina mlango. "Leo serikali iko uchi!"

Bwana Phiri hakuwa mtu wa kununa. Ili watu waache kumtazama magoti, akatandaza ramani yake juu ya meza yangu ya kukatia. Ilikuwa nzuri sana. Kila nchi ya mtemi ina rangi yake, imelala pembeni ya mwenzake kama kiraka kando ya kiraka.

Magesa akainama, akaangalia, akasema, "Mbona rangi nne tu? Serikali imeishiwa?"

"Nne zinatosha," Phiri akasema. "Zinatosha siku zote."

Akatueleza. Chora ramani yoyote utakayo, igawe nchi nyingi au chache, zikunje, zizungushe. Halafu ipake rangi, kwa sharti moja: nchi mbili zinazopakana mpaka zisivae rangi moja. Zikigusana kwa ncha tu, kama pembe za mikeka minne iliyotandikwa pamoja, hizo si jirani. Na nchi iwe kipande kimoja, si mtemi mmoja awe na ardhi huku na nyingine kule ng'ambo. Ukifuata hayo, rangi nne zitakutosha.

"Na ya tano?" nikauliza.

"Hajatokea mtu aliyechora ramani ya kudai rangi ya tano. Lakini vilevile hajatokea mtu aliyeweza kuonyesha kwa hakika kwamba ramani hiyo haiwezi kuchorwa. Maprofesa wa Ulaya wanaumwa kichwa kwa neno hilo tangu enzi za babu zao."

Nami, sindano mdomoni, suruali ya mtu mapajani, nikasema, "Yaani ni viraka tu?"

"Ni viraka," Phiri akakubali.

"Viraka ndivyo vinavyonilisha mimi. Hilo litafumbuliwa upesi tu. Wakichelewa wao, nitalifumbua mwenyewe."

Magesa alicheka akaegemea nguzo. "Wewe? Wewe umeshindwa na miguu miwili, utaweza nchi zote za duniani?" Halafu akaangalia mlangoni, ambako mama yako alikuwa amesimama anasikiliza, mkono kiunoni. "Huyo aliye tumboni humo atazaliwa, atakua, ataondoka nyumbani kwako kwenda zake, na fumbo la Bwana Mpima litakuwa bado limekaa palepale."

"Kabla hajaondoka litakuwa limefumbuliwa."

"Halitakuwa."

"Litakuwa! Tuwekeane kitu."

Ndivyo ulivyoingizwa, mama, kabla hata hujapewa jina. Hukuulizwa. Ulipiga teke, mama yako alituambia baadaye, lakini hatukulihesabu kuwa ni jibu.

Kuweka kitu kukawa na taabu. Magesa alitaka ndama. Nikakumbuka dini yangu, nikaenda kumwuliza Maalim wa mtaani kwetu. Maalim akafunga macho akasema, "Mali kwa mali, mmoja aondoke nazo zote, hiyo ni kamari, usiniletee." Magesa naye alimwuliza katekista wake kule Bunda, akatoka na jibu lilelile kwa maneno mengine. Tukakaa siku nyingi tunatafuta kitu ambacho mtu anaweza kukipoteza nacho kisiwe mali. Mama yako ndiye aliyekipata, akichambua dagaa, wala hakuinua kichwa.

"Wekeaneni shikamoo."

Wewe ulikuja ukakuta jambo hili limeshazoeleka, huwezi kujua lilivyotuchoma. Mimi na Magesa ni rika moja, tumezaliwa msimu mmoja wa nzige. Mama yake anasema yeye kanitangulia kwa mvua moja. Mama yangu, ambaye jina lake unalibeba, aliapa mpaka anazikwa kwamba mimi ndiye niliyetangulia. Mmoja wetu, yule aliyeshindwa, kumwamkia mwenzake shikamoo, mbele za watu, kila watakapokutana, mpaka kufa! Hata ndama alikuwa nafuu. Nilirudi kwa Maalim, akafikiri, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Salamu si mali," akasema. "Nendeni. Tena mtaongeza adabu mjini."

Bwana Phiri alihamishiwa Dodoma, suruali yake ikiwa nzima. Aliahidi kutuarifu fumbo likifumbuliwa. Kila mwaka, karibu na Krismasi yake, ikaja kadi yenye neno moja: *Bado.* Magesa akifika mjini swali lake la kwanza si hali yangu, ni "Kadi imesemaje?"

Nami nikaanza kazi. Nilikuwa na vitambaa vinne: marekani kwa nyeupe, kaniki kwa nyeusi, bendera kwa nyekundu, na khaki. Cha tano kilikuwa satini ya kijani, kipande nilichobakiza katika gauni la bibi harusi mmoja, nikakiweka kwenye mtoto wa meza, ile droo yangu, kingoje siku yake. Jioni nikimaliza kazi za watu nilikata masalio, nikayashona: nchi ndefu, nchi za duara, nchi yenye mkia unaopita kati ya jirani zake kama samaki kamongo topeni. Nilitaka nishone mpaka nifike mahali ambapo kiraka kimoja kinagusa rangi zote nne na hakuna pa kukimbilia. Sikufika. Kila mara palipatikana njia. Kila shuka lililoshindwa mama yako alilichukua akakufunika. Umelala utoto wako wote ukijifunika makosa yangu, na nadhani ndiyo maana ulikuwa mtoto mwenye joto zuri.

Siku nilipoipata ramani ya kudai kitambaa cha tano unaikumbuka, lakini wewe unakumbuka upande wako. Ngoja nikupe wangu.

Lilikuwa shuka kubwa, nimelishughulikia tangu mvua za vuli. Nilifika kiraka cha mwisho kabisa, nikageuza, nikageuza tena. Kimepakana na nyeupe, nyeusi, nyekundu, khaki. Moyo ukanidunda kama cherehani iliyokosa mafuta. Nikafungua mtoto wa meza, nikatoa satini ya kijani, nikaishona pale. Ikang'aa! Nilitoka nje nikalitundika shuka kwenye kamba, nikamtuma dereva wa lori la pamba ampigie Magesa kelele Bunda kwamba fundi ameshinda maprofesa. Mama yako akanunua sato wakubwa akaanza kukaanga. Hata Maalim alikuja, akasimama mbali kidogo, kama mtu anayepita tu.

Magesa alifika amevaa koti. Hilo lilinigusa, alikuja kushindwa kwa heshima. Alisimama mbele ya shuka, mikono nyuma. Alikitazama kile kijani. Akasema polepole, "Ramadhani..." nikajua neno linalofuata ni lile, nikajiweka sawa kulipokea, nikavuta kofia.

Nawe ukapita chini ya mikono ya watu, meno ya mbele huna, ukaja kusimama kati yetu.

"Baba, hii nyekundu ya huku kwa nini isiwe khaki?"

"Kwa sababu imepakana na khaki, mama. Kaa pembeni."

"Basi hiyo khaki iwe nyeusi."

"Hiyo nayo inapakana na..." Nikatazama. Haikupakana na nyeusi. "Haya, endelea," nikasema, na mtu mwenye akili angejua hapohapo kwamba amekwisha.

Ukaomba chaki yangu. Ukaandika juu ya viraka, huku khaki, huku nyeusi, ile ya juu nyeupe, ukapanda juu ya kigoda ukashuka, ukafuta kwa mate ukaandika upya, na watu wote wa mtaa wanakusikia unavyopumua kwa mdomo. Mwishoni ukafika kwenye satini yangu, ukaandika juu yake kwa herufi kubwa: NYEKUNDU. Nikapita jirani zake wote kwa kidole, mmoja mmoja. Ilikuwa sawa.

Magesa alikaa chini. Hakuchuchumaa, alikaa kabisa mavumbini na koti lake, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakuinua begani akakuzungusha soko zima akipiga kelele, "Mwanasheria wangu! Mwanasheria wangu huyu!" Satini mkewe akaichukua akaifanya kilemba, na alikuwa na haki.

Mimi nilitakiwa kuona aibu. Niliitafuta siku ile, nikaitafuta na kesho yake, sikuipata. Nilichokipata ni kitu kingine ambacho sijawahi kukuambia. Mimi nilikuwa nakilaumu kiraka cha mwisho, kwa sababu hapo ndipo niliponaswa. Wewe ulikwenda moja kwa moja kufumua cha katikati, ambacho mimi nilikipitia zamani nikakisahau. Nilikuwa siwezi kukigusa kwa sababu kilikuwa tayari na uzi. Kitu tukishakitia uzi tunakiona ni kweli. Nimefanya hivyo katika mashuka, na nimefanya hivyo kwako.

Maana mwaka jana mwalimu wako alikuja kibarazani, jasho linamtoka kwa furaha, akasema jina lako limetoka, kuna nafasi shule ya bweni Mwanza. Nilikuwa na wateja, na mafundi wawili wa jirani wamekaa. Nikasema, "Mwanza! Mwalimu, unataka nikamwamkie Magesa?"

Wote wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, akajua ni utani, akaenda zake, akarudi wiki ya pili. Nikatoa utani uleule. Watu wakacheka, ila kidogo kuliko kwanza. Mara ya tatu hakuja, nafasi ikaenda kwa mtoto wa mtu mwingine.

Wewe ulikuwa unashona vitundu vya vifungo, na wiki ile ulivishona vidogo mno, mashati yote hayakufungika. Wateja walilalamika. Mimi nilivifungua kimoja kimoja kwa wembe, na nilijua ninafungua nini.

Haikuwa shikamoo, Mwajuma. Ningemwamkia Magesa, ningewaamkia hata mbuzi wake. Niliogopa kibaraza kitupu. Niliogopa nitamwambia nani "tazama hiki" nikishona kitu kizuri, na nani atanionyesha kosa langu na chaki. Woga ukienda uchi watu wanauona, basi mimi nikauvisha utani, na kwa kuwa mimi ni fundi uliukaa vizuri, hakuna aliyetambua. Mama yako alitambua. Alipika ugali kwa kelele mwezi mzima.

Mwaka huu jina lako likatoka tena, safari hii Tabora, mbali mara mbili. Mwalimu hakuja mwenyewe, alituma mtu. Nikajibu, "Tutaona." Nikachukua kilo mbili za sukari na kanga moja, nikasema nakwenda Butiama kumsalimu bibi yako. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta mwanamke mzee wa kuniambia mtoto wa kike hapelekwi mbali. Nilidhani nimepiga hesabu vizuri.

Unajua mimi na bibi yako hatutazamani. Kwa adabu ya kwao mkwe na mama mkwe hawakabiliani, na yeye adabu hiyo anaishika kwa mikono miwili. Alikaa ndani ya mlango amenipa mgongo, anamenya mihogo. Mimi nimekaa nje kwenye kigoda, nimempa mgongo pia. Kati yetu alikuwa amefungwa mbuzi, na mazungumzo yote yalipita kwa mbuzi.

Nilieleza habari ya Tabora. Kisu cha bibi kikaendelea kumenya. Halafu akasema:

"Wewe mbuzi, umewahi kusikia mtu mzima anaogopa salamu?"

Mbuzi akatafuna.

"Mwambie mama," nikasema nikimwangalia mbuzi, "si salamu. Tabora ni mbali."

"Mbuzi, mwulize huyo fundi. Mimi binti yangu alipotoka hapa kwenda Musoma, kuolewa na mtu wa kofia, tena anashonaga suruali za mguu mmoja mfupi, palikuwa karibu?"

Nikasema, "Mwambie mama ile suruali ilikuwa moja tu."

"Mwambie nimeisikia mpaka hapa." Akatupa ganda la muhogo, mbuzi akalidaka. "Mwambie siku ile nilikaa nyuma ya nyumba kutwa, sikula. Jioni ng'ombe wakarudi, wanalia, maziwa yamejaa. Nikaamka nikakamua. Sikumfuata binti yangu na kamba. Kamba ni yako wewe, mbuzi. Umesikia? Kamba ni ya mbuzi."

Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwambia mbuzi anishukuru kwa sukari.

Sikurudi Musoma siku ile. Niliposhuka barabarani lori la kwanza kupita lilikuwa linakwenda Bunda, nikapanda juu ya magunia.

Ilikuwa siku ya soko. Msimu wa pamba, watu wamejaa mpaka barabarani, wengine wametoka Kibara na samaki wao. Magesa alikuwa amesimama juu ya marobota anabishana na mtu wa mizani. Nilipita katikati ya watu, nikasimama chini yake, nikavua kofia.

"Magesa."

"Aa, gunia la Musoma! Kadi imesemaje?"

"Shikamoo."

Alidhani hakusikia vizuri. Mtu wa mizani akaacha kuandika.

"Umesemaje?"

"Shikamoo, Baba Magesa."

Akashuka kutoka kwenye marobota. Akanitazama machoni, akanusa hewa kuona kama nimekunywa kitu. "Mtoto ameondoka?"

"Ijumaa. Anapanda meli."

"Basi ningoje Ijumaa. Mimi sili kitu kibichi. Je, kesho ikija simu kwamba limefumbuliwa?"

"Pokea, Magesa."

"Sipokei! Sharti lilisema akiondoka."

"Nami nasema anaondoka! Nimesema mimi baba yake! Anaondoka, hakuna wa kumzuia, hata mimi. Shikamoo!"

Nadhani nilipiga kelele. Sokoni kote watu waligeuka, na kuku nao. Magesa, ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa namdhani hajui woga wangu, alinishika bega, na mkono wake ulikuwa mzito. Alikuwa anajua. Alijua tangu habari ile ya Mwanza, na hakuwahi kunitania kwa jambo lile hata mara moja, na mimi mjinga sikujiuliza kwa nini.

Halafu akavuta pumzi, akainua uso, akaitoa:

"Maaaraaahabaaa, mwanangu!"

Mama, ilifika vilima vya Balili ikarudi. Wanawake wa samaki walipiga vigelegele bila kujua sababu. Watoto wakaanza kunifuata wakiimba shikamoo. Mtu wa mizani, kwa kuchanganyikiwa, akaniamkia mimi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye robota, na nilikuwa mwepesi, mwepesi, kama shati ambalo vitundu vyake vya vifungo vimefunguka.

Tulikwenda kunywa chai kwa mkewe. Magesa alikaa anakoroga kikombe ambacho hakina sukari.

"Nimeingojea miaka yote hii," akasema, "nayo imekwisha kama chafya. Sasa tutabishania nini?"

"Fumbo bado lipo."

"Kweli lipo." Akachangamka. "Haya, tugeuzane. Sasa mimi nasema litafumbuliwa upesi, wewe useme halitafumbuliwa."

"Kwa nini unageuka?"

"Nimechoka kushinda. Basi, mpaka lini? Tuseme mpaka Mwajuma atakaporudi."

"La," nikasema. "Mwajuma hayumo."

"Lakini ndiye—"

"Hayumo. Alikuwamo katika ya kwanza bila kuulizwa. Hii tafuta kitu kingine cha kupimia."

Alifikiri. Alitaja fahali wake, nikakataa, fahali wake atakufa kesho, umemwona. Alitaja mti, mnara wa kanisa, kilemba cha mkewe, mkewe akamtupia kijiti cha kuni. Mwishoni tumekubaliana meno yangu. Magesa anasema fumbo la rangi nne litafumbuliwa kabla gego langu la mwisho halijang'oka. Mimi nasema halitafumbuliwa. Akishindwa yeye, atanirudishia shikamoo zangu zote. Kwa hiyo itabidi niyapoteze meno yangu yote ndipo nipate heshima yangu, na hapo hata nikiipata sitaweza kuitafuna. Unaona jinsi ninavyojua kupatana masharti.

Nakwambia haya ili ujue kwamba huko uendako hudaiwi ramani na mtu. Walimu watasikia una kichwa cha hesabu, watakupa hesabu. Zikikupendeza, zipende kwa sababu zinakupendeza. Ukikuta kwamba kinachokupendeza ni kitu kingine, dawa, au kufundisha watoto, au kitu ambacho mimi hata jina lake silijui, kichukue, wala usiniandikie barua ya kuomba radhi. Na ukinaswa mahali, mama, usiwe kama baba yako, usikikodolee macho kiraka cha mwisho. Rudi nyuma ufumue. Uzi haulii.

Kesho Magesa anakuja gatini na jamaa yake nzima, ametuma habari. Nitamwamkia mbele ya meli, mbele ya makuli na makarani na wenzio wote utakaosafiri nao. Utakaposoma hapa utakuwa umeshaona, na labda ulinionea huruma kidogo, au uliona haya mbele ya wasichana wenzio. Usione haya. Waambie yule aliyevua kofia ni baba yako, na kwamba alikuwa akicheka kwa sababu alikuwa na furaha. Wakiuliza zaidi, safari ni ndefu, wasimulie.

Nasikia mama yako ananiita kutoka chumbani. Amepanga vitu vyako mara ya tatu, sasa sanduku halifungi, anataka mtu mzito alikalie. Kwa kazi hiyo sijawahi kushindwa na mtu.

Nenda, Mwajuma. Nenda vizuri. Mimi naenda kukalia sanduku.

Baba yako,
Ramadhani, fundi